Merikani na Vipuri: Kitu Asili na Mwigo Wake katika Njia ya Tabora

Mtu aingiapo katika duka la vipuri mjini Tabora, kabla hajatajiwa bei huulizwa swali moja: je, wataka cha asili au cha kuiga? Muuzaji hasemi kwa maneno haya ya kitabuni. Yeye husema "orijino" na "ya kawaida", na kwa kile kilicho kibaya kupita vyote watu wana neno lao, "feki". Kisha huweka juu ya meza visanduku viwili vinavyofanana kama pacha, bei ya kimoja ikiwa mara mbili au mara tatu ya bei ya mwenziwe, naye mnunuzi huachwa na akili yake na mfuko wake aamue. Wengi hudhani ya kuwa swali hili lilikuja pamoja na motokaa. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba ni la kale kuliko motokaa. Kwamba watu wa njia hii waliliuliza zaidi ya miaka 150 iliyopita juu ya nguo, ushanga na waya. Na kwamba majibu waliyoyapata yaweza kutufaa sisi leo kuliko tunavyodhani.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana mwalimu afundishaye juu ya makosa ya wengine huku akiyaficha yake hastahili kusikizwa. Mwaka 2014, nikiwa Dar es Salaam, nilipata habari ya kuwa mama yangu mdogo amefariki Tabora, na ya kuwa atazikwa kesho yake baada ya sala ya alasiri. Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha beringi ya gurudumu la mbele la gari langu. Niliinunua kwa bei isiyofika nusu ya bei ya ile ya asili, ingawa kisanduku chake kilikuwa na jina la mtengenezaji mashuhuri na karatasi ing'aayo ya kuthibitisha jina hilo. Tulisafiri usiku kucha. Tulipokwisha kupita Itigi, katikati ya pori la miombo, gurudumu lilianza kunguruma, kisha likapata moto, kisha likagoma kabisa. Tuliketi kando ya barabara tangu asubuhi, hata lori moja likatuchukua adhuhuri ikiwa imekwisha kupita. Tulifika Tabora jua likichwa. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, na watu wameketi matanga.

Gari lilipovutwa hadi mjini siku ya tatu, fundi mmoja mzee aliitoa ile beringi, akaipangusa grisi, akaigeuza geuza kwenye mwanga. "Mwalimu," akaniambia, "aliyeandika jina hili alikuwa fundi zaidi kuliko aliyepika chuma hiki." Nikamwuliza, "Sasa, mzee wangu, siku nyingine nitajuaje?" Akajibu, "Ukiwa dukani ni shida kujua. Chuma husema kweli njiani." Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha katika habari za misafara, nikazisoma upya kwa jicho jingine.

Njia ya misafara ilianza pwani, Bagamoyo na Kaole na bandari nyingine zinazoelekea Unguja. Ilipita Usagara na Ugogo hata Unyanyembe, katika nchi ya Wanyamwezi, mahali ulipokua mji wa Tabora. Hapo iligawanyika: tawi moja likaenda Ujiji katika ziwa Tanganyika, na jingine likaenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton aliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, akafika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yake. Henry Stanley, mwaka 1871, alikwenda upesi zaidi, na hata hivyo alitumia miezi mitatu hivi. Mali yote ilichukuliwa na wapagazi, vichwani na mabegani, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu.

Tafakari, msomaji, maana ya hesabu hiyo. Jora moja la nguo likifika Unyanyembe lilikuwa limekwisha kuongezewa gharama ya ujira wa mpagazi, posho yake ya kila siku, na hongo iliyotolewa kwa watemi wa Ugogo. Nguo mbaya na nguo njema zilikuwa na uzito mmoja begani, na ujira wa kuzichukua ulikuwa mmoja. Basi mfanyabiashara aliyepata nguo rahisi pwani alijiona amefaidi siku ya kununua; lakini mwenyeji wa bara akiikataa, hasara yake haikuwa bei ya nguo tu, bali na bei ya njia nzima. Wala hakuweza kurudi Bagamoyo kumdai muuzaji. Zaidi ya kilomita 800 zilikuwa kati yake na duka.

Katika njia hii nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Stanley aliwaeleza wasomaji wake kwamba ushanga ulikuwa kama sarafu za shaba, nguo kama sarafu za fedha, na waya, katika nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika, kama dhahabu. Aliyekwenda safari hakuchukua ushanga wowote tu. Burton alipata kusikia habari za aina kiasi cha 400, na kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Ushanga mwekundu wa samesame ulitakiwa mahali pengi. Mweupe ulitakiwa penginepo. Na ule mkubwa uliopendwa Ujiji ungeweza kukataliwa kabisa katika nchi jirani. Ushanga uliokataliwa haukuwa mbaya. Ulitengenezwa vizuri huko Ulaya, na pengine bei yake ilikuwa kubwa. Kosa lake ni kuwa haukuwa wa mahali pale, kama vile kipuri chema cha gari la aina moja kilivyo chuma kitupu mbele ya gari la aina nyingine.

Katika nguo zote zilizopita njia hii, hapana iliyoshinda merikani kwa sifa. Jina lake lasema asili yake. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mapatano ya urafiki na biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, alifika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Merikebu za Salem zilileta nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi wala kung'arishwa, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Salem kwenyewe kilianzishwa kiwanda kikubwa cha nguo, cha kampuni ya Naumkeag, kilichoanza kufuma mwaka 1847. Nguo hiyo ilikuwa ngumu, nyuzi zake zimekaa karibu karibu, ikivumilia jua, miiba na kufuliwa. Iliweza kuvaliwa, kushonwa hema au tanga, na mwisho wa yote kuwa sanda ya maiti. Watu wakaiita merikani, na jina likawa dhamana.

Kabla ya kuisifu mno, yatupasa kusema kweli mbili. Ya kwanza, nguo hii iliyoitwa ya asili ilikuwa ni mgeni. Unyamwezi na Ufipa walikuwako mafundi wa kufuma pamba kwa vitanda vyao wenyewe, na Burton aliviona vitanda hivyo Unyamwezi. Merikani ndiyo iliyochukua mahali pa kazi ya mikono yao. Ya pili, wema wa nguo haukuwa wema wa biashara. Pamba iliyotiwa katika viwanda vya Massachusetts ilivunwa kusini mwa Marekani na watu waliokuwa watumwa, hata utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1865. Na nguo ile ile, ilipofika bara, iliweza kununua pembe pamoja na kununua watu. Kitu chaweza kuwa halisi katika uzi wake na kiwe na dhuluma katika njia yake. Mtu asemaye "asili" asidhani amekwisha kusema "halali".

Sifa ya merikani ilivuta waigaji. Wenye viwanda wa Uingereza walijaribu kufuma nguo ya kufanana nayo, wakaiuza Unguja, lakini kwa muda mrefu wateja wakaendelea kuipenda ile ya Marekani. Wazungu wengine walistaajabu, wakidhani watu wa bara ni wenye ukaidi wa mazoea. Mimi naona kwamba walikuwa na sababu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hata 1865, vilipopunguza pamba iliyofika Lancashire, viwanda vya huko vilizidi kuitia nguo wanga na udongo mweupe ili iwe nzito mkononi. Nguo ya namna hiyo ilikuwa nene na laini dukani, lakini ilipofuliwa mara ya kwanza, wanga na udongo vilikwenda na maji, ikabaki nyavu. Waingereza wenyewe waliilalamikia desturi hiyo. Basi tusimcheke mama wa Unyanyembe aliyekataa nguo iliyokuwa nzuri machoni. Yeye hakununua uzito wa siku moja. Alinunua nguo ya kuvaliwa mwaka mzima, na hapakuwa na duka jingine karibu.

Hata hivyo habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Vita hivyo vilipunguza sana nguo ya Marekani iliyofika Unguja. Bei ilipanda, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi. Baada ya vita Wamarekani walirudi sokoni, lakini dunia ilikuwa inageuka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua na shehena Unguja. Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba kiliundwa katika miaka ya 1850, sasa kulikuwa na viwanda vingi, karibu na Unguja kuliko Salem, tena wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokopesha mali kwa misafara. Katika miaka ya 1880 na baadaye, nguo ya Bombay iliitoa ile ya Marekani sehemu kubwa ya soko. Nayo iliitwaje? Iliitwa merikani. Jina lilibaki, mwenye jina akaondoka. Hata leo kamusi zetu zaeleza merikani kuwa nguo ya pamba isiyong'arishwa, na anayeinunua haulizi kama ilivuka bahari ya Atlantiki.

Hapa twapata jambo la kwanza la kujifunza. Uasili si mahali kitu kilikozaliwa. Kwa mtu wa Tabora, asili ilikuwa ahadi: nguo hii itadumu kama ile ya jana ilivyodumu. Mwigo ulioshindwa kutimiza ahadi hiyo ulikataliwa, ijapokuwa ulitoka kwa taifa lenye nguvu kuliko yote wakati ule. Mwigo uliojifunza kuitimiza, kwa bei nafuu, ulirithi hata jina. Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini twaona ya kuwa kizuri hakikuzaliwa kizuri, bali kilithibitishwa na wale walioko mwisho wa njia.

Mfano huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, na kwa ajili yake vitu vya kigeni vilipasa kuonyesha nchi vilikotoka. Iliyolengwa hasa ni Ujerumani, ambayo vyuma vyake vilihesabiwa kuwa mwigo rahisi wa vyuma vya Sheffield. Alama ya "kimetengenezwa Ujerumani" ilikusudiwa kuwa onyo. Haikupita miaka mingi onyo likageuka kuwa sifa, na leo mwenye gari hulipa zaidi ili aione alama hiyo. Wajapani nao walipita njia hiyo hiyo katika karne ya ishirini. Mwigaji wa jana aweza kuwa asili ya leo, iwapo tu atatia jina lake mwenyewe juu ya kazi yake na kukubali kulaumiwa kwa jina hilo.

Na hapo ndipo ulipo mpaka. Watu huchanganya vitu vitatu katika maneno mawili. Kuna kitu asili, kinachouzwa kwa jina na dhamana ya mwenye gari. Kuna kitu mbadala, kilichotengenezwa na mwingine kwa jina lake mwenyewe, kiwe chema au dhaifu. Na kuna kitu bandia, kilichovaa jina la mtu mwingine. Cha pili ni mshindani. Cha tatu ni mwongo. Nguo ya Bombay ilikuwa mshindani. Beringi yangu ya mwaka 2014 ilikuwa mwongo, na uongo wake haukuwa katika bei yake ndogo bali katika jina lake kubwa. Kama ingaliandikwa jina la kiwanda kisichojulikana, ningalijua ninachokinunua, na huenda nisingalithubutu kuvuka pori la Itigi usiku nikiitegemea.

Tabora yenyewe ina ushuhuda mwingine juu ya jina na dhamana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifunga bahari, serikali ya Wajerumani haikuweza kupata sarafu kutoka Ulaya. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha kupiga fedha. Humo zilipigwa sarafu za hela 5 na hela 20 kwa shaba, na sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo. Sarafu hizo zina herufi T, alama ya Tabora. Zile za shaba zilikuwa kazi ya haraka, si laini kama zilizotoka Ujerumani, lakini hazikuwa bandia, maana serikali ile ile iliyotoa za kwanza ndiyo iliyosimama nyuma ya hizi. Kisha tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Mdhamini akaondoka. Hela ya shaba ikawa njiani kuwa shaba tupu. Ile ya dhahabu ikabaki dhahabu. Nalo neno "hela", lililotoka katika fedha hiyo ya Kijerumani, tungali twalitumia kila siku kwa fedha isiyo ya Kijerumani hata chembe. Jina ladumu kuliko dhamana yake, na kwa hiyo mwenye busara huuliza habari za dhamana, hatosheki na jina.

Yupo pia mwigaji aliyeshinda pasipo kuwa bora. Kabla ya ukoloni majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo na mafundi wengine wa magharibi, na kuchukuliwa na Wasumbwa na Wanyamwezi hata masoko ya mbali, yalikuwa mali ya thamani. Yalilima, na yalitolewa mahari. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipokuja kwa meli, na baadaye kwa reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, tanuri za wafua chuma zilizimika moja baada ya nyingine. Jembe la kigeni lilishinda kwa wingi wake na bei yake. Pamoja na tanuri ulizimika ujuzi wa kukijua chuma kwa mlio wake na rangi yake motoni. Nataja habari hii kwa sababu uchaguzi kati ya vitu viwili hauamui kifaa tu. Baada ya miaka mingi huamua ni nani miongoni mwetu atakayebaki na ujuzi wa kukihukumu.

Turudi sasa dukani. Tumshauri nini mtu asimamaye mbele ya visanduku viwili? Wapo wamwambiao anunue cha asili siku zote. Shauri hili ni jema kwa mwenye fedha, lakini si la haki kwa wengi. Gari la Tabora aghalabu lilikwisha kutumika miaka kumi au zaidi katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu, na kwa vifaa vingine bei ya kipuri asili huweza kushindana na bei ya gari lenyewe. Bila vitu mbadala magari mengi yangesimama, na wagonjwa, wakulima wa tumbaku na wafanyabiashara wa asali wangetembea kwa miguu. Tena yapasa kujua kwamba hata mwenye gari hatengenezi kila kitu. Kampuni ya Denso ya Japani, kwa mfano, ilijitenga na Toyota mwaka 1949, nayo hutengeneza vifaa vitiwavyo katika magari ya Toyota na ya kampuni nyingine pia. Pengine kitu kile kile hutoka katika kiwanda kimoja, kimoja kikatiwa katika kisanduku cha mwenye gari na kingine katika kisanduku cha mtengenezaji, na tofauti yake ni karatasi na bei.

Wapo wengine wamwambiao anunue kilicho rahisi, kwa kuwa vyote ni vyuma. Hawa ndio ndugu wa mfanyabiashara aliyenunua nguo ya udongo mweupe. Kioo cha pembeni kikipasuka, safari haivunjiki. Zulia la gari likichakaa, hapana afaye. Lakini breki, usukani, beringi na tairi ni vitu vinavyobeba roho za watu, na dhaifu wake hajulikani mpaka siku ya mwisho. Beringi ni chuma kilichotiwa moto na kupozwa kwa kipimo ili kiwe kigumu. Isipopikwa sawasawa yang'aa vile vile, yazunguka vile vile, na mkono wa mnunuzi hauwezi kuona kilichopungua. Jicho la dukani halina mamlaka hapo.

Basi kanuni niliyoipata katika njia ya misafara ni hii: kipime kitu kwa umbali wa mahali kitakaposhindwa, na kwa mtu atakayekuwa pamoja nawe siku hiyo. Kinachoweza kushindwa mlangoni pa fundi, kinunue kwa bei uiwezayo, ilimradi kiwe na jina la kweli. Kinachoweza kushindwa katikati ya pori, na watu ndani ya gari, kinunue kwa mtu atakayejibu kikishindwa. Na kama huwezi kukipata leo, ahirisha safari. Muulize fundi aliyekwisha kukifungua kitu kama hicho baada ya mwaka mmoja wa kazi, kwa maana yeye ndiye mwenye ushahidi wa mwisho wa njia.

Sheria haikosekani. Tunayo sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963, tunalo Shirika la Viwango lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na tunayo Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake moja ni kupambana na bidhaa bandia. Mali nyingi huingia kwa bandari ya Dar es Salaam, na hapo penye mlango ndipo pafaapo kuzuiwa uongo. Lakini historia yatufundisha kwamba mlango huwa mbali na mahali maumivu yanaposikika. Muuzaji wa Bagamoyo hakuwaona watu wa Unyanyembe wakikunjua nguo iliyogeuka nyavu. Muuzaji wa beringi yangu hakuliona kaburi lililokwisha kufukiwa. Katika kila biashara ya njia ndefu, faida hukaa pwani na hasara hupanda treni kwenda bara. Hili ndilo jambo la haki lililofichwa ndani ya swali dogo la "orijino au ya kawaida", nalo lastahili kutazamwa na wasomi wetu wa sheria, wa uchumi na wa historia kwa pamoja.

Nilikwenda kaburini kwa mama mdogo siku ya nne, peke yangu. Yeye katika uhai wake alikuwa muuza nguo sokoni, na alikuwa na desturi ya kuichukua nguo ya mteja mwenye shaka, akailowesha pembe yake kwenye bakuli la maji, akaifikicha kwa vidole mbele ya macho yake kabla ya kupokea fedha. Tulipokuwa watoto tulidhani ni madaha ya kibiashara. Sasa najua kwamba alikuwa anailetea nguo safari yake papo hapo, ili kweli yake ionekane kabla mnunuzi hajaenda mbali. Sijui ni nani aliyemfundisha, wala yeye ni nani aliyemfundisha. Lakini alifanya hivyo Tabora, katika mji uliokwisha kujifunza kwa gharama kubwa ya kuwa nguo husema kweli majini, na chuma husema kweli njiani.